Mlango na Umuryango: Familia ya Kiislamu katika Riwaya ya Kiswahili Isomwapo Kigali

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya nne ya Rwanda kwa sheria ya Aprili 2017, maswali yanayoulizwa kwa urahisi ni yale ya hesabu: walimu wangapi, vitabu vingapi, vipindi vingapi kwa wiki. Makala haya yanauliza swali lisilojibika kwa hesabu. Riwaya ya Kiswahili inapovuka mpaka na kuingia mikononi mwa msomaji wa Kigali, inaingia na nyumba ya nani? Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) imetahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) imo katika orodha ya vitabu vya kidato cha tano na cha sita Tanzania. Riwaya za namna hii ndizo zilizo tayari kusafiri, kwa kuwa zimekwisha kuzungukwa na miongozo, maswali ya mitihani na mazoea ya walimu. Zote mbili ni riwaya za Wazanzibari. Zote mbili zinaanzia ndani ya nyumba ya Waislamu ambamo mwanamke amefungiwa. Na zote mbili, zikisomwa kwa mazoea yaliyokwisha kujengeka, zinaelekea kumfundisha msomaji mgeni kwamba hiyo ndiyo familia ya Kiislamu, na kwamba mabadiliko ya jamii ni safari ya kuitoroka.

Dai la makala haya ni kwamba usomaji huo haukubaliani na matini zenyewe, na kwamba katika nchi kama Rwanda kosa hilo lina gharama nje ya darasa.

Gisimenti ni mahali pazuri pa kulipimia dai hilo, kwa sababu si mahali panapotarajiwa. Mtu akitafuta Kiswahili na Uislamu Kigali ataelekezwa Biryogo, huko Nyamirambo, ambako kuna chai, misikiti na familia ambazo Kiswahili kimekuwa lugha yao ya nyumbani kwa vizazi. Gisimenti ipo Remera, wilaya ya Gasabo, si mbali na uwanja wa Amahoro, upande wa njia iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe. Ni mtaa wa maduka, mishikaki na muziki, ambao mwisho wa wiki barabara yake hufungwa magari na meza zikatolewa nje. Kiswahili kinachosikika hapo ni cha nyimbo za Dar es Salaam, cha biashara na cha utani. Hakikuja na chuo cha Kurani wala na baraza la wazee. Kijana wa Gisimenti anayefungua Utengano kwa ajili ya mtihani hana shangazi wa Pemba wa kumnong'oneza kwamba mambo hayako hivyo kila nyumba. Ana kitabu, mwongozo, na neno moja la Kinyarwanda ambalo limekwisha kumwandalia hukumu.

Neno hilo ni umuswahili. José Hamim Kagabo, katika utafiti wake wa 1988 kuhusu Uislamu na "Waswahili" wa Rwanda, alionyesha jinsi jina hili lilivyofungamana na historia ya mji. Uislamu uliingia na wafanyabiashara, askari na watumishi waliofuatana na utawala wa Kijerumani. Richard Kandt alianzisha makao yake Kigali mwaka 1907, na msikiti wa Nyamirambo ukafuata mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, Waislamu walitengewa makazi yao, kambi ya Waswahili, huku shule zikiwa mikononi mwa wamisionari ambao hawakuupenda Uislamu wala lugha yake. Mtu asiye na shamba, asiye na chifu na asiye na padri alionekana kuwa hana asili. Kwa hiyo umuswahili katika mazungumzo ya kawaida likawa neno la mtu wa dini fulani, na pia neno la mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Heshima ambayo Waislamu wengi waliipata kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 imelipunguza neno hilo makali yake, lakini haijalifuta. Leo Waislamu ni takriban asilimia 2 ya raia kwa mujibu wa sensa ya 2022, na lugha iliyobeba jina lao imekuwa lugha ya serikali na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Riwaya inawafikia wasomaji ambao wengi wao hawajawahi kuingia nyumba ya Kiislamu ila kwa kupitia neno hilo.

Hata hivyo kuna neno jingine, na hilo ndilo linalostahili kuanziwa. Kinyarwanda kina umuryango, lenye maana ya familia, ukoo, na siku hizi hata jumuiya au shirika. Umuryango pia ni mahali pa kupitia kuingia nyumbani. Ndugu yake wa karibu katika Kiswahili ni mlango, na katika matumizi ya kale ya Mombasa na Lamu mlango si ubao na bawaba pekee: ni tawi la ukoo, watu waliotokea uzazi mmoja. Mtu aliulizwa ni wa mlango gani kabla hajaulizwa anafanya kazi gani. Inafurahisha kwamba Kinyarwanda kililichukua dirisha kutoka Kiswahili, likawa idirishya, kama kilivyochukua meza, sahani, kitabu na kalamu. Mlango hakikuhitaji kuuazima. Lugha hizi mbili ziliurithi kutoka chimbuko moja, na pamoja nao zikaweka wazo kwamba familia hujulikana kwa pale watu wanapopita kuingia na kutoka. Kiswahili cha sasa kimeipeleka maana hiyo pembeni na kuweka familia, neno la Ulaya linalovaa vizuri katika hati za sera lakini halina kizingiti.

Sasa Utengano isomwe kwa kuangalia mlango. Maksuudi, mtu wa mali na siasa, amemfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Nje ana heshima, hadhara na wanawake. Ndani ana amri. Tukio linalovunja nyumba ni la uzazi: Tamima anashikwa na uchungu, mume hayupo, na anayeingia kumsaidia ni Bi Farashuu, mwanamke ambaye ana kisasi cha siku nyingi na Maksuudi kwa yaliyompata binti yake Mwanasururu. Maksuudi anarudi, anakuta mlango umefunguliwa kwa mtu asiyemtaka, anampiga mkewe na kumpa talaka akiwa ndiyo kwanza ametoka kujifungua. Maimuna naye anatoka kwenda mjini, ambako anaishia katika nyumba ya Mama Jeni, kwenye ulevi na biashara ya mwili.

Usomaji wa mazoea unayapanga matukio haya katika mstari mmoja: utawa unazaa ujinga, ujinga unazaa maangamizi, na dini ndiyo iliyoweka utawa. Mstari huo unapendwa kwa kuwa unajibu swali la mtihani. Tatizo lake ni kwamba unampa Maksuudi hadhi ambayo riwaya inamnyima, ile ya kuwa mwakilishi wa sheria. Katika fikihi ya Kishafii inayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, mume anawajibika kwa nafaka, yaani chakula, mavazi na makazi ya mke. Talaka itolewayo wakati wa nifasi ni talaka ya bidaa. Hupita, lakini mtoaji wake ana dhambi. Mke aliyepewa talaka rejea hafukuzwi siku hiyo, ana eda yake na ana haki ya kukaa na kulishwa mpaka iishe. Mali ya mwanamke ni yake, iwe ya mahari au ya urithi, na mume hana fungu ndani yake. Maksuudi anaikanyaga takriban kila kanuni kati ya hizi. Msomaji wa Unguja au Pemba wa 1980 hakuhitaji kuelezwa hilo. Ukali wa riwaya ulimfikia hasa kwa sababu alimwona mtu anayeinua jina la dini na ada huku akizivunja zote mbili, tena akizivunja kwa nguvu alizopewa na fedha na cheo. Msomaji wa Gisimenti, asiye na kipimo hicho, anaona mwanamume Mwislamu akifanya ambalo wanaume Waislamu hufanya. Kejeli nzima ya mwandishi imepotea njiani, na hakuna hata neno moja la maandishi yake lililobadilika.

Si kweli pia kwamba Utengano haina lawama ya kubeba. Safari ya Maimuna kutoka chumba kilichofungwa hadi danguro ni fupi mno. Riwaya haimpi kituo cha katikati, pengine jirani mwenye busara, mwalimu wa chuo, kazi ya mikono, au mjomba. Ni kana kwamba nje ya mlango wa Maksuudi hakuna mji, kuna shimo tu. Kwa riwaya inayotaka kulaani utawa, huo ni uamuzi wa ajabu, kwani unampa Maksuudi hoja: si nilisema? Wahakiki wengi wameipita kasoro hii kwa haraka kwa sababu uchungu wa Maimuna una nguvu na mwandishi ana ufundi mkubwa wa kuusimulia. Mabinti wa Zanzibar, hata hivyo, walikuwa na vituo vingi vya katikati. Shule ya wasichana ya serikali ilikuwapo Unguja tangu miaka ya 1920, na wanawake wa mji walikuwa na vyama vya taarab, mikopo ya upatu na mtandao wa ndugu. Siti binti Saad, mzaliwa wa shamba na uzao wa watu waliokuwa watumwa, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Mji uliomwezesha hauonekani katika Utengano.

Unaonekana katika Vuta N'kuvute. Adam Shafi anamchukua Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka, mwenye miaka 52, na kumpeleka Ng'ambo kwa Mwajuma. Chumba cha Mwajuma ndicho uvumbuzi bora wa riwaya hii. Hakina mwanamume wa kukisimamia, kodi yake ni ya mashaka, na mlango wake hufunguliwa kwa yeyote mwenye shida. Jamaa za Yasmin wamemkataa kwa kuwa ameivunja heshima yao, na Mwajuma, ambaye si wa damu yake, wa asili yake wala wa hali yake, anamfanya ndugu. Hapa familia inaonekana ikijengwa upya kwa ukarimu wa maskini na kwa mji wa kikoloni wa miaka ya 1950 wenye bandari, vyama na polisi wa siri. Mapenzi ya Yasmin na Denge, mpigania uhuru, yamehakikiwa sana. Udugu wake na Mwajuma umehakikiwa kidogo, ingawa ndio unaobeba mzigo wote wa mabadiliko ya kijamii katika kitabu. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliwarudisha wote wawili mbele ya watazamaji wapya, na baadhi yao hawajawahi kukishika kitabu.

Kosa la Vuta N'kuvute liko kwingine. Tofauti ya miaka 37 kati ya Yasmin na Raza inafanya kazi yote ya hoja. Msomaji hahitaji kufikiri. Mzee ni mzee, mtoto ni mtoto, na mlango ni wa kukimbiwa. Zaidi ya hayo, riwaya haimpi Yasmin chombo chochote cha kudai. Anaweza kutoroka, hawezi kushtaki. Na hapa riwaya zote mbili zinakutana katika upungufu mmoja mkubwa: hakuna kati yao inayoifanya mahakama ya kadhi kuwa uwanja wa pambano la mke na mume. Mke hupigwa, huachwa, hukimbia au huangamia. Hafungui kesi.

Historia inasema vingine, na kwa wingi wa ushahidi. Elke Stockreiter (2015), akisoma kumbukumbu za mahakama za Zanzibar za nusu ya kwanza ya karne ya 20, anawakuta wanawake, wakiwamo waliowahi kuwa watumwa, wakidai nafaka, mahari, nyumba na talaka mbele ya makadhi. Erin Stiles (2009) anawakuta wajukuu wao wakifanya hivyo Unguja ya mashambani. Susan Hirsch (1998) alikaa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya na kusikiliza jinsi watu wanavyosema. Mume hutamka: neno lake la talaka linatenda. Mke anatarajiwa kuvumilia na kunyamaza. Lakini mahakamani mke hulazimika kusimulia, na kwa kusimulia anavunja adabu ya kutotoa mambo ya nyumbani nje, na kwa kuivunja mara nyingi hushinda. Kwa mtafiti wa lugha hii ni hazina: usimulizi wenyewe ndio tendo la mabadiliko. Ni jambo la kushangaza kwamba riwaya, utanzu wa usimulizi, zimeliacha jukwaa hili kwa wanaanthropolojia. Sababu inaweza kukisiwa. Waandishi wa kizazi cha Mapinduzi ya 1964 waliitafuta haki katika siasa ya taifa, na kadhi alionekana kwao kuwa sehemu ya dunia iliyotakiwa kuondoka.

Lakini dola iliyokuja haikuwa mlango wazi. Mwaka 1970 wajumbe wa Baraza la Mapinduzi waliwaoa kwa nguvu wasichana wa Zanzibar wenye asili ya Kiajemi, na wazazi waliopinga wakaadhibiwa. Sheria ya 1985 ya Zanzibar ilimhukumu kifungo mwanamke asiye na mume aliyepata mimba, na haikuondolewa mpaka 2005. Na umri wa Yasmin, miaka 15, haukuwa umri wa Waislamu pekee. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya 1971, ya kiserikali na ya watu wa dini zote, iliruhusu msichana kuolewa katika umri huo huo kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi huo mwaka 2019. Mhakiki anayeeleza ndoa ya Yasmin kwa kutaja dini tu anafuta miongo minne ya sheria iliyotungwa na bunge.

Ipo hoja ya kujibiwa hapa. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 hutajwa mara kwa mara kama uthibitisho kwamba utiifu wa mke ndio moyo wa familia ya Waswahili, na kwamba riwaya zinaeleza tu kile ambacho utenzi uliamuru. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sultani Said, naye aliutunga akiwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Ann Biersteker (1991) amekwisha kuonyesha kwamba utenzi huo unaweza kusomwa kama mafunzo ya matumizi ya lugha kwa asiye na mamlaka, na si kama hati ya kujisalimisha. Si lazima kukubaliana naye katika kila hatua ili kukiri jambo la msingi: ni maneno ya mama wa tabaka la watawala kwa binti atakayesimamia nyumba yenye watumishi na watumwa. Mwanamke aliyekuwa suria katika nyumba jirani hakuandikiwa utenzi huo. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Zanzibar iliwaacha masuria nje, na iliwachukua hadi 1909 kuingizwa. Familia ya Waswahili na Waarabu wa pwani ilikuwa na wake, masuria, watoto wa wote wawili waliorithi sawa, na watumwa waliolala chini ya dari hilo hilo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said na mama suria wa Kicherkesi, aliyaandika maisha ya nyumba ya namna hiyo kwa Kijerumani mwaka 1886. Jokha Alharthi, mwandishi wa Oman aliyepata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019, ameyarudia kutoka upande wa pili wa bahari. Kinachoitwa familia ya jadi ya Kiislamu kilikuwa tayari kimekwisha kubadilika mara kadhaa kabla Maimuna hajafunguliwa mlango.

Gharama ya yote haya Kigali inaonekana zaidi katika tafsiri. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa moja tu, ya mume mmoja na mke mmoja, iliyofungwa mbele ya serikali. Sheria ya watu na familia ya 2024 imeuacha umri wa ndoa kuwa miaka 21, pamoja na ruhusa maalumu kuanzia 18. Hakuna mahakama ya kadhi. Talaka ya mdomo haina nguvu yoyote ya kisheria. Ndoa huvunjwa na hakimu. Sheria ya 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi pamoja na kaka zao, na sheria ya 2016 ikaendeleza usawa huo. Kwa mwanamke Mwislamu wa Biryogo au wa Gisimenti, basi, kuna nikahi na kuna ndoa ya serikali. Ni pale zinapoachana ndipo msamiati unapoanza kuuma. Mwanamke aliyeolewa kwa nikahi na mwanamume mwenye mke mwingine wa serikali, Kiswahili kina jina la heshima kwake: mke wa pili, au bi mdogo. Kina majina mengine kwa wasioolewa: hawara, kimada. Kina suria kwa hali ya kihistoria iliyokwisha. Kinyarwanda cha kawaida kina umugore w'isezerano kwa mke wa halali wa serikali, na kwa yule mwingine lililo karibu ni inshoreke. Mfasiri anayeweka inshoreke mahali pa mke wa pili ametoa hukumu. Anayeweka mke wa pili mahali pa inshoreke katika hati ya serikali ameitambua ndoa ambayo sheria haiitambui. Hakuna kati ya hawa wawili aliyefanya kosa la sarufi.

Mshauri wa sera anaweza kusema kwamba hili ni jambo la wanasheria. Si lao peke yao. Fomu za ustawi wa jamii, matangazo ya afya na maelezo ya urithi yanayoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya nchi za Jumuiya nzima yanamfikia mwanamke huyu kwa maneno, na maneno hayo yana historia tofauti Mombasa, Unguja na Kigali. Nchini Kenya, Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinawapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nao. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri lililotoka Mombasa, kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo. Uamuzi huo umejadiliwa vikali misikitini na barazani. Neno moja, mrithi, sasa lina mipaka tofauti kwa Mwislamu wa Mombasa anayekwenda kwa kadhi, kwa Mwislamu yule yule anayekwenda Nairobi kukata rufani, na kwa Mwislamu wa Remera ambaye hana kadhi wa kumwendea. Kamusi zetu zinalieleza kwa mstari mmoja.

Kwa darasa la Rwanda, pendekezo la kuziondoa riwaya hizi lisikubaliwe. Ni riwaya nzuri, na Utengano hasa ina ghadhabu ambayo vitabu vingi vya kiada havithubutu kuwa nayo. Linalotakiwa ni toleo la mwalimu lenye maelezo ya nafaka, eda, talaka rejea, khului na faskhi, kando ya maelezo ya sheria ya Rwanda kuhusu mambo hayo hayo, ili mwanafunzi aone pale Maksuudi anapoivunja sheria yake mwenyewe na pale ambapo sheria ya nchi yake ingemshika kwa njia nyingine. Zainab Burhani na Mwisho wa Kosa (1987) aingizwe pia, kwa sababu rahisi kwamba nyumba ya Kiislamu ya Zanzibar isimuliwe na mwanamke angalau mara moja kabla ya mtihani. Swali la kawaida la "jadili athari za dini katika familia" lifutwe. Libadilishwe kwa swali ambalo matini inaweza kulijibu: ni nani anayeushika ufunguo, na ameupata wapi?

Hata hayo hayatoshi, kwa sababu yanamwacha msomaji wa Gisimenti akijifunza Uislamu wa Zanzibar huku wa Nyamirambo ukibaki bila kitabu darasani. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi Mombasa maisha ya wanawake watatu kwa Kiswahili chao wenyewe. Kazi hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje alikuwa wa ukoo wa wenye mji, Mishi wa Abdala alikuwa wa uzao wa watumwa, na Shamsa Muhamad Muhashamy alikuwa mwanamke wa vyama na maendeleo. Ni mji mmoja, dini moja na karne moja, na familia zao tatu hazifanani kwa harusi, kwa malezi wala kwa urithi. Idara ya Kiswahili yenye kinasa sauti na ruhusa ya wenyewe inaweza kuianza kazi ya namna hiyo Biryogo mwaka huu, ikawauliza bibi waliozaliwa katika kambi ya Waswahili walivyoolewa, waliyoyarithi, na lugha waliyoitumia kuwalaza watoto, kisha ikawauliza wajukuu wao waliohamia Remera maswali yale yale.